Sauti Yenye Lafudhi ya Kwetu

Oktoba 23

Leo ni siku ya tisa ya mwezi wa tisa kwa kalenda ya zamani, siku ya wafu wasio na tarehe. Nimemwandalia mama meza yake: wali mweupe, supu ya figili, peasi, na samaki mkavu aliyeelekezwa kichwa mashariki kama inavyopasa. Kama yu hai ana miaka mia moja na sita, kwa hiyo najua kwamba hayupo. Nisichokijua ni siku. Anayeijua siku aliyofariki mama yake humwekea meza siku hiyo. Sisi tuliovuka kutoka Hamgyong, kule Kaskazini, wakati wa vita, tukawaacha mama zetu upande wa pili wa mpaka, tunagawana siku hii moja kama ndugu wanaogawana blanketi. Asubuhi hii mtaa wote wa Abai ulinukia udi.

Narae, mjukuu wangu, alisimama kando yangu akainama kila nilipoinama. Ana miaka kumi na saba, na tangu sikukuu ya mavuno hajakwenda shule. Tulipomaliza alilitazama bakuli la wali muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Amae analalamika wali umekuwa mgumu.

Amae ndilo neno tulilomwitia bibi kule kwetu. Hapa Kusini halitumiki. Mama yake Narae alikuwa akiondoa vyombo. Hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Oktoba 24

Mvua. Jana nilisahau kuandika kwamba wali ulikuwa mgumu kweli.

Oktoba 26

Basi hadi Gangneung, watatu: mimi, Narae na Mama Narae. Hospitali ya chuo kikuu kule inafanya utafiti juu ya vijana wa pwani hii walioanza kusikia au kuona vitu ambavyo wengine hawavisikii wala hawavioni. Watawafuata kwa miaka mitano, wakiwatibu huku wakiwachunguza, wapate kujua ni nini hutangulia ugonjwa huu, na kwa nini mmoja huinuka na mwingine huzama. Mama Narae alitia sahihi mwezi uliopita. Mwanangu, baba yake Narae, ambaye ni fundi mkuu wa meli ya mizigo, alikubali kwa simu akiwa bandari ya mbali. Mimi sikuulizwa, na hilo nimeliweka moyoni.

Mkuu wa utafiti ni Daktari Pyo, mwanamke mfupi anayevaa raba ofisini na kuandika huku unazungumza. Aliuchora ukoo wetu, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Alipofika kwa mama yangu akauliza kama aliwahi kuugua akili, kama aliwahi kusikia sauti, alifariki akiwa na umri gani. Nilijibu sijui, sijui, sijui. Akatia alama ya kuuliza ndani ya duara. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika maisha yangu yote, na sijapata kuona alama ndogo kama ile ikimmeza mtu mzima.

Narae alipewa vijikaratasi vya kunusa. Inasemekana pua ni miongoni mwa vitu wanavyovitazama. Akataja chungwa, sabuni, moshi. Cha nne akasema ni soksi za babu. Kumbe ni jibini. Daktari alicheka hadi akasahau kuandika, na hapo nikampunguzia hukumu kidogo.

Tulikula tambi katika mkahawa mkabala na kituo cha basi. Kabla ya kijiko cha kwanza nilisema ninalosema kila siku mezani, tangu mwanangu alipokuwa mdogo: "Sijui huko wao wamekula nini leo." Mama Narae alingoja nimalize ndipo akaanza kula. Miaka ishirini sasa anangoja hivyo, bila neno. Yeye ni mtu wa Daegu, hukuhuku Kusini, hakuacha mtu popote. Wakati mwingine naona ni mkavu kama karatasi.

Oktoba 30

Bi Deok-sun amekuja na chupa ya sikhae, samaki bapa waliovundikwa na mtama na pilipili, ambao hakuna mwingine katika mji wetu wote wa Sokcho anayejua kuwavundika kama mama zetu. Ana miaka themanini kasoro mmoja, na tulivuka katika meli moja bila kujuana. Narae humwita Bibi wa Samaki, naye hupenda kuitwa hivyo.

Alingoja Mama Narae aende kazini dukani, kisha akanisogelea.

"Mwalimu, mnampeleka mtoto kupigwa picha za kichwa. Kichwani kuna nini? Huyo kachaguliwa. Kuna mganga kule Yangyang alianza hivihivi, anasikia bibi mzaa bibi, hataki shule. Leo watu wanapanga foleni mlangoni kwake."

Nikamuuliza mbona yeye mizimu haikumchagua miaka yote hiyo.

"Inaniogopa. Inajua nitaiuzia samaki."

Nilicheka. Alipoondoka nikajikuta nikiyawaza aliyoyasema mpaka chai ikapoa.

Novemba 2

Gangneung tena, safari hii kwa ajili yangu. Wanahitaji ndugu wa wagonjwa pia ili walinganishe. Walinilaza ndani ya mashine inayonguruma kama chumba cha injini, na kwa muda nilikuwa tena na miaka minane, chini ya sitaha, kati ya magoti ya watu. Baadaye Daktari Pyo alinionyesha picha ya ubongo wangu. Unafanana na kiini cha jozi. Nilimwambia kwamba mle ndani mna wilaya nzima, na mto wake. Akasema kwa bahati mbaya mashine yao haioni mito.

Novemba 4

Jua zuri. Mimi na Narae tulikaa barazani tukichambua vitunguu saumu vya kuwekea kimchi ya msimu, kabichi zinazovundikwa kwa ajili ya majira ya baridi. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Nikamuuliza anasema nini, nikimaanisha yeye.

"Si mimi. Ni Amae. Anasema kisogo chako hakijabadilika. Bado bapa kama ubao wa kukatia mboga."

Ndivyo mama alivyokuwa akinitania. Na si maneno tu. Narae aliyasema kwa lafudhi ya Hamgyong, ile ya kuvuta mwisho wa sentensi na kuuangusha, ambayo sijaisikia kwa mwanamke kijana tangu nikiwa mtoto. Kisu kikaniponyoka. Nikauliza kisima chetu kilikuwa wapi. Akasema chini ya mti unaoinamia maji. Nikauliza mbwa wetu aliitwaje, akamtaja.

Basi nikauliza nililolitaka. Nilimwambia amuulize Amae alifariki siku gani.

Alikiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza nyuma ya ukuta. "Tatu ya mwezi wa kumi na moja," akasema. "Asubuhi. Theluji ilikuwa inaanguka." Kisha akanitazama. "Babu, unalia? Kwa hiyo ni yeye kweli?"

Nikamwambia ndiyo, ni yeye.

Nina miaka themanini na moja, na leo nimepata tarehe.

Novemba 5

Siku hiyo ya mama, kwa kalenda ya kawaida, mwaka huu ni Desemba 15. Nimeizungushia duara jekundu. Nitatafuta peasi kubwa mapema, kabla hazijaadimika.

Novemba 10

Sikuweza kunyamaza, nikamwambia Bi Deok-sun. Bi Deok-sun hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Juzi alikuja kumwulizia kaka yake aliyebaki Kaskazini. Amae akajibu kwamba yu hai na ana meno ya bandia.

"Ya dhahabu au ya kawaida?" akauliza Bi Deok-sun.

Narae akasikiliza. "Hajasema."

"Ni ya kawaida tu. Yule bahili." Akapangusa macho kwa aproni.

Leo alikuja Mzee Hwangbo, anayetembea kwa fimbo mbili, kumwulizia mke aliyemwacha na mimba. Alileta keki ya mchele. Nyuma yake mlangoni walikuwapo wengine wawili, wamevaa nguo zao za kwendea harusini. Tumezeeka sote katika mtaa huu tukingoja habari, na sasa habari ina mahali inapotokea. Narae aliwajibu wote kwa upole. Mwishoni uso wake ulikuwa mweupe kama tofu, akaomba kwenda kulala wakati jua bado liko juu.

Novemba 12

Mama Narae alirudi mapema kutoka dukani, akakuta viatu vingi mlangoni. Aliingia, akawasalimia wazee kwa heshima zote, akawapa kila mmoja koti lake. Walipokwisha kutoka akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Baba, mtoto wangu si redio ya kutafutia stesheni ya Kaskazini."

Nilimjibu kwamba yeye hawezi kuelewa, kwa kuwa watu wake wote wamezikwa mahali anapopajua. Akasema ni kweli. Kisha akaenda jikoni kuosha mchele.

Novemba 16

Leo ni mtihani wa kuingia vyuo. Ofisi zimefunguliwa kwa kuchelewa ili watahiniwa wasikwame barabarani, na hata ndege hazitui wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Zamu ya Narae ingekuwa mwakani. Mama Narae alisimama dirishani akiwatazama mama wengine wakipita na vyakula vya watoto wao, huku akikunja kitambaa kilekile, akikikunjua, akikikunja tena.

Novemba 19

Baridi kali. Mikono ya Narae ilikuwa ya barafu. Mbwa wa jirani amenenepa ghafla.

Novemba 25, Jumamosi

Leo imekuwa siku ya kimchi ya msimu. Ngoja niiandike kwa utaratibu.

Kabichi zililala kwenye maji ya chumvi tangu jana. Tulianza mapema uani: Mama Narae akiziosha, Bi Deok-sun akichanganya pilipili, vitunguu saumu na samaki wa kwetu, mimi nikikatakata figili, Narae amevaa glavu nyekundu akipaka kikolezo jani kwa jani. Bi Deok-sun na Mama Narae walibishana kama kawaida. Watu wa Daegu, alisema Bi Deok-sun, wanatia chumvi kana kwamba wanazika maiti. Mama Narae akamjibu kuwa watu wa Hamgyong wanatia samaki kana kwamba kabichi ina paka. Narae alitabasamu. Nikawaza kwamba mwaka huu utapita salama.

Wanaofanya kazi hii pamoja wana desturi yao. Unachuma jani la ndani, lile la manjano lililo laini, unalifungia kikolezo, unamtia mwenzako mdomoni kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna anayekataa. Nililiandaa jani zuri kuliko yote nikampelekea Narae. Akafunga mdomo.

Nikadhani anatania. Nikamgusisha midomoni. Akageuza uso, pilipili ikamchora shavuni.

"Siwezi, Babu. Amae kakataza."

Mama Narae akaacha maji yakitiririka. Akauliza tangu lini.

"Tangu wazee waache kuja." Alikuwa akisema nami, si na mama yake, kana kwamba mimi ndiye mwenye kumtetea. "Chakula nampa mbwa. Vidonge viko kwenye chungu cha maua. Amae anasema kila tonge ninalokula nimelitoa mdomoni mwake. Kule walikufa njaa, sisi huku tunashiba. Si wewe mwenyewe unasema kila siku, Babu? Na wewe ulisema ni yeye kweli."

Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Hamgyong, ile ya kuvuta na kuangusha. Lakini nilipoyasikia maneno yenyewe nikayatambua. Hayakuwa ya mama. Yalikuwa yangu. Ndiyo niliyoyatia katika supu ya nyumba hii kila mlo, kwa miaka na miaka. Kisima, mti, mbwa, kisogo, vyote nilimsimulia Narae akiwa amekaa mapajani pangu, nikasahau kwamba nilisimulia.

Kuna jambo moja ambalo sijamsimulia mtu yeyote, hata marehemu mke wangu, kwa sababu ndilo pekee nililovuka nalo likiwa langu peke yangu. Nilipiga magoti kwenye matope ya uani, magoti haya ambayo daktari amekataza niyakunje, nikamwambia Narae amuulize Amae aliniambia nini gatini, siku ya meli.

Akainamisha kichwa. Alisikiliza muda mrefu. Bi Deok-sun alikuwa ameshika bakuli la pilipili kifuani.

"Hataki kusema," akasema Narae. "Anarudia tu. Usile, usile, usile."

"Basi si yeye," nikasema. "Mama yangu alinipa kipande cha ukoko wa wali. Mimi nilikuwa nalia. Akaniambia: kula kwanza, kulia kutakungoja. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, Narae. Mwanamke yule asingemwambia mtoto asile. Hata angekuwa amekufa kwa njaa. Hasa angekuwa amekufa kwa njaa. Sijui unayemsikia ni nani, lakini si mama yangu, na mimi nilikosea kukuambia ni yeye."

Sikutazamia muujiza, na haukutokea. Narae aliziba masikio. Mama Narae akaja, akalichukua lile jani mkononi mwangu, akang'ata nusu, akatafuna, akameza mbele ya mwanawe, akamwonyesha ulimi kama watoto wafanyavyo, kisha akamnyooshea nusu iliyobaki. Narae hakuipokea. Lakini nilimtazama mama yake na kuelewa kitu nilichokuwa nakiona mezani tangu kiangazi nikakiita ukosefu wa adabu: yale mazoea yake ya kuchota kijiko katika bakuli la binti kabla yake. Alikuwa akimwonjea, mtoto aone kwamba chakula ni salama.

Alimpigia Daktari Pyo. Tuliondoka kwa teksi na mikono yetu myekundu, gari zima likinuka kitunguu saumu. Dereva hakusema neno. Daktari alikuwa akitungoja kwenye mlango wa hospitali, Jumamosi, na raba zake. Wamemlaza.

Bi Deok-sun alibaki uani na kabichi zote.

Novemba 26

Amezimaliza peke yake. Mitungi yote imejaa na kufunikwa. Hakuacha ujumbe, ila chumvi ni ya kipimo cha Daegu.

Desemba 1

Nimemwona Narae. Amekonda, anasinzia, mkono una mpira wa dripu. Aliniuliza kama mbwa amepunguza uzito. Mama yake hulala kwenye kitanda chembamba pembeni, na chakula kikija hula nusu ya kila kitu ndipo ampe.

Nilimwomba Daktari Pyo faragha, nikamweleza yote: tarehe, wazee, keki ya mchele, na lile "ndiyo, ni yeye." Nilitegemea anikaripie. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mwalimu, yale uliyomwambia uani hayakuiondoa sauti," alisema. "Haiondoki kwa kubishana nayo. Kinachosaidia ni dawa, usingizi, chakula, na watu. Ila jana Narae kaniambia kitu. Kasema, kama si Amae, basi si lazima nimtii. Hiyo ni kazi ya miezi mingi, na mmeianza nyie."

Nikamuuliza mbona sauti ilikuja na lafudhi yetu, wakati mama wa mtoto ni wa Daegu na shule yake ni ya hapa.

"Nyumbani nani anasema hivyo?"

"Mimi," nikasema.

"Si kosa lako kwamba alikupenda akakusikiliza. Sauti haina kamusi yake, inaokota maneno iliyoyakuta. Angekulia nyumba nyingine, angemsikia mwingine. Kwa nini ubongo usikie sauti yake wenyewe kama ya mtu wa nje, hilo ndilo tunalolitafuta. Nikikuambia nalijua nitakuwa nakudanganya."

Nilimpenda kwa hilo. Basi nikathubutu kumweleza jinsi alama yake ya kuuliza ilivyoniuma. Akautoa mchoro wa ukoo wetu, akaliangalia duara la mama.

"Sikumaanisha hakuwepo," akasema. "Namna hiyo tunaandika pale ambapo hatutaki kumbunia mtu."

Njiani kurudi nilikaa upande wa bahari. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kwa kuacha nafasi ya mama wazi, kisha nikaijaza mwenyewe kwa tarehe niliyoikamua kutoka kwa mtoto mgonjwa.

Desemba 8

Theluji ya kwanza. Bi Deok-sun alikuja, akakaa kimya kwa muda ambao sijapata kumwona akikaa. Mwishoni akasema kwamba huenda kaka yake hana meno kabisa. Nikamwambia huenda. Akasema basi tutaendelea kungoja, si tumeshazoea. Ameleta chupa mbili za sikhae, moja ya wodi. Ameandika juu yake jina la Daktari Pyo, na chini yake: nuseni hii kwenye vipimo vyenu.

Desemba 11

Mwanangu amepiga simu. Atafika kabla ya mwaka mpya. Aliniuliza naendeleaje, na kwa mara ya kwanza nilimwuliza yeye amekula nini.

Desemba 15

Leo ni siku ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Theluji ilianguka asubuhi. Sikuweka meza.

Desemba 16

Jana niliandika mistari mitatu kana kwamba lilikuwa jambo rahisi. Peasi zilikuwa tayari, kubwa, nimezifungia karatasi moja moja. Nilizitoa, nikazitazama, nikazirudisha. Theluji ilinishawishi sana. Narae alikuwa ameitaja, na kijana asingeweza kujua wiki sita mapema kwamba itanyesha asubuhi ileile. Lakini katika pwani hii Desemba theluji hunyesha mara kwa mara, na mimi nimefundisha hesabu pia. Nikiipokea tarehe ile, nakipokea na kinywa kilichoitoa, kile kilichosema usile. Siwezi kuchukua kimoja na kukiacha kingine. Kwa hiyo nimempoteza mama mara ya pili, na safari hii kwa kupenda. Atanisamehe. Alikuwa mtu wa kumtanguliza mtoto.

Peasi nimezipeleka hospitali. Narae amekula moja, mama yake amekula nusu yake ya kwanza.

Desemba 18

Amerudi nyumbani. Atakwenda Gangneung kila wiki, na utafiti utaendelea naye. Wamemuuliza upya kama anataka kubaki, yeye mwenyewe, bila sisi chumbani. Amekubali, kwa sharti kwamba akifikisha miaka ishirini na mbili aonyeshwe picha zote za ubongo wake kwa mfululizo, kama albamu ya mtoto. Daktari amemwahidi.

Desemba 20

Amelala mchana wote. Mama Narae anasema ni dawa. Tumekunywa chai pamoja, mimi na yeye, na nimemuuliza habari za baba yake aliyezikwa Daegu. Kumbe alikuwa mwalimu pia. Miaka ishirini, na sikuwa nimemuuliza.

Desemba 22

Siku fupi kuliko zote za mwaka. Mama Narae alipika uji wa maharage mekundu, na ndani yake vile vidonge vyeupe vya unga wa mchele ambavyo kila mtu hupaswa kula kwa hesabu ya umri wake. Bi Deok-sun, aliyejialika, alinitangazia kwamba kwa umri wangu niondoke na sufuria.

Tuliketi. Narae aliliangalia bakuli lake. Mama Narae alishika kijiko akingoja, kama anavyongoja miaka yote, niseme kwamba sijui huko wao wamekula nini leo. Bi Deok-sun naye akangoja.

Nikaomba chumvi.

Mama Narae alinitazama kidogo, kisha akanisogezea.

"Babu," akasema Narae, "Amae anaongea. Anasema uji una sumu." Alisema kwa sauti ya kawaida, ya hapa Sokcho, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani. Alikuwa bado anamwita hivyo. Daktari amesema tusiharakishe.

Mkono wa mama yake ulikuwa umekwisha kuinuka, lakini wangu uliwahi. Nilichota katika bakuli la Narae, nikala.

"Moto," nikasema.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Bi Deok-sun akasema kama ni sumu basi aongezewe, maana amechoka kuuza samaki kwenye baridi. Narae alicheka kwa pua. Kisha kicheko kikaishia njiani, macho yakamjaa machozi.

"Naogopa, Babu."

"Najua," nikamwambia. "Kula kwanza. Kulia kutakungoja."

Alikula. Polepole, kijiko kwa kijiko, akitusikiliza sisi na kumsikiliza mwingine, hadi nusu ya bakuli. Kisha akaweka kijiko chini na kulia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipomaliza akapangusa uso kwa mkono wa sweta, akauliza kama kimchi ya mwaka huu imeshaiva.